Macho Waliyonipa

Mwanamke mmoja alinishika mkono kwenye arusi, Kingsbury, London, tuko kwenye foleni ya biriani, akanipa pole ya mtoto.

"Mtoto gani?" nilimuuliza.

"Ah, bibi we, usijikaze," alisema. "Sote tumeona. Wanangu wamelia mpaka nikawazimia televisheni. Na sisi miaka yote hii tukikuona mkali tu, kumbe una lako moyoni."

Mimi nina watoto wawili, wavulana, wazima wote, na siku ile walikuwa meza ya nyuma wakila kuliko wenye arusi. Sijawahi kuzika mtoto. Sijawahi hata kuharibu mimba. Nilimwambia hivyo yule mwanamke, kwa sauti iliyowafanya watu wa mbele yetu wageuke, naye akanipigapiga bega kama mtu aliyekwishajua kwamba nitakataa. Niliirudisha sahani bila ya kupakua kitu.

Lilikotoka jambo hili ni mbali kidogo.

Nina mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama yetu. Mama alipofariki Unguja nilimleta London kwangu, yeye bado yuko skuli ya msingi, mimi nimeolewa karibuni na ndiyo kwanza nimeanza kazi ya kaunsili, serikali ya mtaa, upande wa faini za magari. Tulikaa Tooting, flati iliyo juu ya duka la vitambaa. Kazi yangu ilikuwa kupokea simu za watu wanaoapa kwamba hawakuegesha pale walipoegesha. Kutwa natukanwa kwa Kiingereza, na jioni nikirudi namkuta mtoto kalala kifudifudi sakafuni, anachora, mkoba wa skuli haujafunguliwa. Anachora wasichana wenye macho kama visahani na nywele kama miiba. Kila alichoazima maktaba kilikuwa manga, zile hadithi za picha za Kijapani zinazofunuliwa kutoka kulia. Siku niliyomwambia anasoma kinyume alinijibu kwamba na msahafu nao husomwa hivyo hivyo. Nilimwondosha mbele yangu.

Mwaka wa mtihani wake mkubwa nilizikusanya kalamu zote, wino, na ile karatasi yake nzito, nikazifungia kabatini, ufunguo nikauvaa shingoni. Watu wakinisikia nikisimulia hapa hungoja niseme najuta. Sijuti. Alifaulu hesabu. Ningemlea leo, ningefunga tena.

Alipoingia chuo alisomea kuchora, bila shaka, wala si uhasibu tuliokubaliana. Akahamia Tottenham, flati ya kaunsili, akawa anafanya kazi dukani asubuhi na kuchora mchana. Hadithi yake alikuwa akiitoa mtandaoni, kurasa chache chache: msichana kutoka kisiwani anaishi na dada yake mkubwa katika mji wa baridi, na michoro yake inaamka na kutembea nyumbani dada asipokuwepo. Watu waliipenda. Kampuni moja ya vitabu ikachapisha juzuu ya kwanza. Mimi sikuambiwa. Nililetewa kitabu na mfanyakazi mwenzangu, akakiweka mezani pangu huku anacheka.

"Huyu si wewe?"

Alikuwa mimi. Mabega yangu, mtandio wangu, ufunguo shingoni, nyusi mbili nene kama viwavi. Ila macho hakuwa nayo. Kitabu kizima, kila dada mkubwa alipotokea, chini ya nyusi palikuwa na kivuli cheusi tu. Muuza samaki kachorwa macho. Paka kachorwa macho. Mimi kivuli.

Nilimpigia simu pale pale ofisini.

"Umenichora sina macho."

"Nimekuchora nilivyokuwa nakuona," alisema. "Mtoto haoni sababu za mkubwa wake, dada. Anaona ufunguo."

"Basi kipofu ulikuwa wewe."

Nilikata simu, na hatukusemezana muda mrefu. Sikukuu zikifika alikuwa akiwatumia wanangu salamu na wanangu wakinisomea. Mimi nilikuwa nikijibu kwamba nimesikia.

Aliyevunja kimya ni yeye. Alikuja Tooting na halua mkononi, akakaa ukingoni mwa kochi kama mgeni, akasema hadithi yake inafanywa anime, katuni za Kijapani za televisheni. Studio ya Japani itachora, kampuni ya London itasimamia. Alitaka nisikie kwake kabla sijasikia kwa watu. Kwa mara ya kwanza nilimwona ana hofu na kitu alichokiomba mwenyewe.

Alinieleza jinsi waandishi wa manga wanavyopokea jambo hilo. Wapo wanaoshukuru kwa maneno matamu na kuchora picha ya sherehe, wahusika wao wote wamevaa vizuri. Wapo wanaosema mtoto keshaolewa, mambo ya nyumba yake si yao tena. Wapo wanaogombana na studio juu ya kila neno mpaka wanasheria wanaingia. "Na wapo," alisema, "wanaosema 'nimeiona', basi. Ukimsikia mwandishi kasema nimeiona na hakuongeza kitu, ujue kakereka mpaka mwisho."

"Na wewe utakuwa yupi?"

"Sijaiona bado."

Walikuwa wamemwahidi kumpelekea maandishi ya kila sehemu ayapitie. Waliyapeleka kweli, sauti zikiwa zimekwishanaswa.

Sehemu ya kwanza tuliitazama kwake Tottenham, mimi, yeye na wanangu. Mimi nilikaa mbele. Yeye alikataa kukaa, akasimama nyuma yetu kaegemea mlango wa jiko, mikono kaifumbata kifuani. Msichana alitokea, nyumba ikatokea, kisha mlango ukafunguka na dada mkubwa akaingia ametoka kazini, anavua viatu.

Walikuwa wamempa macho. Makubwa, ya kahawia, yanang'ara, na kope ndefu ambazo sijapata kuwa nazo hata siku ya arusi yangu. Nyusi wamezichonga. Sauti waliyompa ilikuwa ya chini, ya kuchoka vizuri, na alipomwambia mdogo wake akae asome, ilisikika kama anambembeleza. Wanangu walisema, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kwamba mama kapendeza. Nami nilifurahi. Sitaficha. Baada ya muda ule wote wa kuwa kivuli katika kitabu kinachouzwa madukani, mtu fulani mbali huko alinitazama akaona kuna uso.

Niligeuka kumwangalia mdogo wangu. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Wamekutia macho," alisema.

"Kwani kuna ubaya gani? Binadamu hana macho?"

"Hadithi yote imesimama hapo! Sehemu ya mwisho ndipo nilipokuwa niyachore. Mara moja tu, fremu moja. Wao wameyamwaga mwanzo kabisa, na kope juu."

"Labda wameona ulinidhulumu."

"Wao wanakujua wewe? Walikuosha miguu? Walilala chumba chako?" Sauti ilimpanda. "Wamekufanya mzuri ili wakuuze, dada. Mimi nilikuchora kwa sababu nakujua."

"Unanijua ndiyo ukanitoa macho."

Wanangu walichukua makoti yao bila ya kuambiwa. Tulirudi na treni ya chini kutoka Seven Sisters mpaka Stockwell, tukabadilisha, na njia nzima nilikuwa nikimsema moyoni. Nilimwona mchoyo. Nilimwona hawezi kuvumilia mtu mwengine anitendee wema ambao yeye alininyima.

Sikuziangalia sehemu zilizofuata. Ofisini tulikuwa na msukosuko wetu, na nilidhani nimekwishaona lililonihusu. Ndipo ikaja ile arusi ya Kingsbury na ile pole.

Nilimpigia simu nikiwa nje ya ukumbi, nimesimama kwenye maegesho, viatu vya arusi vinaniuma.

"Mtoto gani huyo niliyezika?"

"Hukuona? Sehemu ya tano. Ulikuwa na binti mchanga, akafa kisiwani, ndiyo maana unamchukia mdogo wako kwa kuwa hai. Kabatini unafungia kalamu, kumbe ndani mna viatu vya mtoto."

"Viatu vya mtoto?"

"Vya sufu. Vya pinki." Nilimsikia anafyonya. "Nilikwambia. Ukipewa macho lazima upewe na machozi."

Nilizitazama zote siku iliyofuata, mfululizo, nimekaa na chai inayopoa. Yule mwanamke mwenye mabega yangu analia jikoni. Analia kwenye basi. Anakibusu kiatu. Kila neno kali nililowahi kumwambia mdogo wangu, yale ambayo yeye aliyaandika sawasawa kama nilivyoyasema, yaliwekewa muziki nyuma ili watu waelewe kwamba sikukusudia. Mimi nilikusudia! Niliposema "Kuchora hakutakulisha" nilikuwa namaanisha kuchora hakutamlisha. Siku ile nilikuwa nimetoka kulipa kodi ya nyumba. Hapakuwa na mtoto aliyekufa ndani ya sentensi ile. Palikuwa na akili zangu timamu.

Kitabuni nilionewa, lakini angalau aliyekuwa akionewa ni mimi. Huyu wa kwenye anime hata simjui.

Pole ziliendelea. Msikitini mwanamama mmoja aliniombea dua mbele ya watu. Jirani wa chini aliniletea keki. Nilipokataa walinihurumia zaidi, maana yule wa kwenye anime naye hukataa.

Kisha kampuni ya London ikaandaa maonyesho ya sehemu ya mwisho kwenye sinema moja ya katikati ya jiji, mchana wa Jumamosi, na mwandishi angepanda jukwaani kujibu maswali. Sijui nani aliwaambia kwamba dada mwenyewe yuko hai na anakaa Tooting. Mtayarishaji, mwanamke wa Kiingereza mwenye sauti kama ya muuguzi wa watoto, alinitumia mwaliko.

Nilikwenda kwanza Tottenham kumkuta mdogo wangu. Alikuwa akipiga pasi shati.

"Leo utawaambia," nilisema.

"Sitawaambia kitu. Mkataba unanikataza kuisema vibaya kazi yao."

"Utasimama pale uchekecheke?"

"Mkataba haunikatazi kunyamaza. Nitasema nimeiona. Wanaosoma manga wataelewa."

"Na wale wanaonipa pole mie wataelewa?"

"Dada, hii si kazi yako. Ni kazi yangu."

"Uso ni wangu. Na mie sikutia saini chochote."

Aliisimamisha pasi wima, akanitazama. "Usithubutu," alisema.

Ukumbi ulijaa vijana. Wengine wamejivika kama wahusika, na wasichana watatu wamevaa mtandio wangu na ufunguo shingoni, na kope za bandia. Sehemu ya mwisho ilionyeshwa. Dada mkubwa anafungua kabati, anamkabidhi mdogo wake kalamu na vile viatu, wanakumbatiana, theluji inaanguka. Watu walipiga makofi wamesimama.

Mdogo wangu alipanda jukwaani na lile shati lake jeupe. Mtayarishaji alimsifu kwa maneno mengi, akamuuliza alihisi nini kuona kazi yake imepata uhai.

"Nimeiona," alisema mdogo wangu kwenye maiki.

Akanyamaza. Mtayarishaji alitabasamu akingoja yaliyobaki. Hayakuja. Pale mbele kijana mmoja aliweka mkono mdomoni. Nyuma yake wawili wakatazamana. Kimya kilitambaa kutoka safu ya mbele mpaka nilipokaa, na niliona kwamba kweli wapo walioelewa. Mtayarishaji akacheka peke yake, akasema ni heshima kubwa, tupokee maswali.

Msichana mmoja mwenye ufunguo shingoni alisimama. Alisema alikuwa akimchukia dada mkubwa kitabuni, lakini habari ya mtoto ilimfanya amsamehe, na je, mwandishi alijua tangu mwanzo?

"Kitabuni hamna mtoto," alisema mdogo wangu.

"Tuliona panahitajika sababu," mtayarishaji aliingilia upesi. "Watazamaji hawawezi kumvumilia mwanamke mkali asiye na jeraha."

Nilikuwa nimekwishasimama. Sikuomba maiki, kazi yangu imenifundisha kupaza sauti.

"Mimi ndiye," nilisema kwa Kiingereza. "Dada mkubwa ni mimi. Sikufiwa na mtoto. Wanangu wako nyumbani na hawajaosha vyombo. Nilikuwa mkali kwa sababu mtoto alikuwa akifeli hesabu. Jeraha sina. Mkinikuta njiani msinipe pole."

Ukumbi ulilipuka. Vicheko, vifijo, simu zimeinuliwa zinanipiga picha. Wasichana wenye mitandio walikuwa wakiruka. Nilikuwa nimejitayarisha kuchukiwa, wakawa wananishangilia. Nilimtazama mdogo wangu kule juu. Alikuwa ameiweka maiki chini.

Mlangoni mtayarishaji alikuja na mikono wazi anataka kunikumbatia. Nilirudi nyuma.

"Umekuwa wa ajabu," alisema. "Ni yeye kabisa! Tungependa turekodi mazungumzo nawe."

"Nimesema sizipendi kazi zenu."

"Ndiyo maana! Ukweli wako unagusa."

"Ondosheni yule mtoto."

"Yule mtoto," alisema kwa upole, "ndiye kipenzi cha watu."

Kile ni kilemba cha ukoka, na nilikiona anakisokota mbele ya macho yangu. Nilimwambia neno la Kiswahili ambalo sitaliandika, akaniuliza maana yake, nikampita.

Mdogo wangu alikuwa kituo cha basi, peke yake, koti halijafungwa.

"Umeridhika?" aliuliza.

"Nimekutetea."

"Umejitetea wewe. Mimi nilikuwa nimemaliza. Neno moja, na nusu ya ukumbi ilikuwa imeshaganda. Kesho wangekuwa wanauliza kwa nini mwandishi kasema vile. Sasa nani atauliza? Wote watakuwa wanakuangalia wewe unawachekesha."

"Mie nilikuwa nachekesha?"

"Umewauzia, dada. Umekwenda kuwapa bure kile walichokuwa hawana."

Nilimwambia hana shukurani, hajawahi kuwa nayo tangu namlisha. Aliniambia kumlisha huko nimemlipisha mara mia. Basi lilikuja, akapanda, nami sikupanda, ingawa lingenifikisha kituo cha treni.

Alisema kweli kuhusu kuuza. Picha yangu ilizagaa mitandaoni siku ile ile, mimi nimesimama na mkoba wangu, kidole juu. Kampuni iliiweka yenyewe, na kichwa cha habari: dada halisi. Watu ambao hawakuwa wakiijua anime waliitafuta kwa ajili yangu. Niliandika kuwataka waitoe. Walinijibu kwa adabu na kunitumia shada la maua, na niliyarudisha kwa tarishi pale pale mlangoni, akanambia hana utaratibu wa kurudisha maua, nikamwambia atafute. Msimu wa pili ulitangazwa kabla ya mwaka kwisha.

Ulipotangazwa, mdogo wangu aliandika kuomba jina lake litolewe, nao wakalitoa bila ya ubishi, jambo ambalo nadhani lilimuuma kuliko wangelikataa. Sasa mwanzoni mwa kila sehemu panaandikwa kwamba hadithi imetokana na manga, bila kusema ya nani. Maneno yao ya kutangaza yanasema mwandishi anawatakia kila la kheri. Hakuwatakia.

Nilijua hayo kwa mwanangu mkubwa. Mdogo wangu mwenyewe hakuniambia, wala mimi sikumpigia. Lakini alipofiwa na rafiki yake wa chuo nilikwenda Tottenham na sufuria ya pilau, nikamkuta kakaa katikati ya karatasi, hajala. Nilipakua, akala, nikaosha vyombo. Hatukuzungumza habari za studio. Aliniuliza kazini kukoje, nikaanza kumsimulia mtu aliyedai gari lake liliegeshwa na jini. Alicheka, halafu akachukua kalamu. Nilimwona.

Mwezi uliopita aliniletea kurasa mpya kabla hazijachapishwa, kitu ambacho hajawahi kukifanya. Ni hadithi ya mwanamke anayefanya kazi katika ofisi ya faini za magari. Nilizisoma mezani pangu kutoka kulia, yeye amekaa mbele yangu anang'ata kucha. Nilimwambia ofisi yetu haina dirisha upande huo. Nilimwambia meneja hawezi kumpigia mtu kelele vile, atashitakiwa. Nilimwambia mimi sijawahi kumtukana mteja, huwa nakata simu tu.

"Umemaliza?" alisema.

"Na hiyo pua si yangu."

Aliandika yote pembeni, neno kwa neno, akanishukuru kama anavyomshukuru mtu baki. Kitabu kimetoka wiki iliyopita. Hakubadilisha kitu hata kimoja.